Kilichovaliwa Si Begi

Jumapili, 9 Juni

Mimi ni mtu wa ndege. Nimeruka mara nyingi hata mawingu yananijua kwa sura. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mkwe wangu kwenye simu leo asubuhi, na sauti haikutetereka hata kidogo.

Haya, sijawahi kupanda ndege. Hata moja. Lakini niliwahi kumshonea rubani suruali, akalalamika kiuno, nikamrekebishia bure. Hiyo nayo ni safari ya aina yake.

Habari yenyewe ni hii. Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi. Mjukuu wa kwanza, yule aliyekuwa akikaa chini ya meza ya cherehani yangu na kula chaki. Tangu ajue kusema ananiita mume wangu, na bibi yake anamwita mke mwenza. Amekataa magauni yote ya dukani. Alisema gauni lake atalishona mume wake wa kwanza, ili huyo wa pili ajue amekuta mtu. Nimelishona. Satini nyeupe juu na mbele mpaka miguuni, neti kwingine, tabaka juu ya tabaka, na mkia wa kufagia ukumbi mzima. Likitandazwa kitandani, mimi na mke wangu hatuna pa kukaa.

Mkwe ametukatia tiketi za ndege watu watatu: mimi, mke wangu, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Huyu alikuwa karani wa mahakama. Amestaafu, lakini mahakama haijamtoka. Tunamwita Bwana Kanuni. Ndiye aliyekuja jioni na simu yake kutusomea masharti ya hilo shirika la ndege, amesimama, kana kwamba tumeshatiwa hatiani.

Kila abiria mkoba mmoja mdogo, wa kuingia chini ya kiti cha mbele. Bure. Begi la kuweka juu kwenye makabati, lipa. Begi la kwenda tumboni mwa ndege, lipa zaidi. Kuchagua kiti, lipa. Kukaa karibu na mke wako wa ndoa, lipa. Maji, lipa. Ukisahau karatasi yako nyumbani ukataka wakuchapishie nyingine, lipa. Nikamuuliza, choo je? Akasema choo bado. Hiyo bado aliitamka kwa namna ambayo sikuipenda.

Nikauliza nauli basi ni ya nini. Ya kusimama nje na kuipungia ndege mkono?

Mke wangu akasema tulipie begi moja la gauni, yaishe. Nikasema silipi. Ndege inakwenda kule kule. Gauni linakwenda kule kule. Anayechoka ni nani? Bwana Kanuni akacheka kile kicheko chake cha puani. Akasema shemeji, utalipa, tena utalipa huku unabembeleza. Hapo tukawekeana dau. Mjukuu alishasema babu mmoja atasema neno ukumbini, na mababu tuko wawili, mimi wa moja kwa moja na yeye wa pembeni. Nikilipa ada yoyote ya begi, ataongea yeye. Nisipolipa, nitaongea mimi, na yeye atanishikia maikrofoni.

Mkwe akapiga tena, anataka kunieleza jambo kuhusu tiketi yangu. Nikamwambia kijana, usimfundishe mtu wa ndege mambo ya ndege. Nikakata.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepata. Nilikuwa nahangaika na kola ya mteja, wala sifikirii safari, ikaja yenyewe.

Begi ni kitu unachobeba. Nguo ni kitu unachovaa. Hakuna shirika linalotoza nguo iliyo mwilini mwa mtu. Basi gauni halitabebwa. Litasafiri ndani ya koti, na koti litakuwa mwilini mwangu.

Koti lipo. Kubwa, zito, liliachwa na mteja mmoja mnene ambaye alisema anarudi kesho, na kesho hiyo bado anaitafuta. Nimelitoa bitana ya zamani, nimeliwekea bitana mpya ya satini, ile iliyobaki kwenye jora la gauni. Kati ya bitana na koti ndipo gauni linapolala, limekunjwa, mkia umezunguka mgongoni. Halafu mifuko kila upande kwa ndani: mashati, viatu vya harusi, kopo la vifungo. Watakachoona ni mzee mnene anayesikia baridi. Dunia imejaa wazee wanene.

Sasa mshono. Fundi wa kweli hashoni moja kwa moja kitu ambacho atakifumua. Anapiga bandi: mishono mirefu ya mkono, uzi mweupe dhaifu wa pamba, wa kushikizia tu mpaka mwenye nguo ajaribu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo nitakavyozikwa. Hata gauni lenyewe, ubavuni lina bandi mpaka leo, maana mwenyewe hajalijaribu. Na hili koti nimelipiga bandi lote kwa uzi mmoja. Unaanzia shingoni, unashuka ubavuni, unapita kila mfuko, unaishia kwenye pindo la nyuma, na hapo nimeacha ncha inaning'inia kidogo. Tukifika, mke wangu anaivuta ile ncha mara moja, koti linafunguka, gauni hilo. Akili kama hizi wenzetu wanazisomea.

Kasoro moja tu, macho. Sindano naiona, tundu silioni. Siku hizi mke wangu ndiye anayenitungia uzi, na hawezi kutunga bila kusema. Leo alisema alipoposwa aliambiwa mume ni fundi, hakuna aliyemtajia ugonjwa. Nikamwambia atunge.

Jumanne, 11 Juni

Jaribio. Nimevaa koti na mali yote ndani. Mikono haishuki. Imesimama pembeni kama ya mtu anayetaka kukumbatia kabati.

Mlangoni nilipita kwa ubavu. Kwenye kiti niliingia vizuri sana. Kutoka ndiyo ikawa kazi, nilinyanyuka na kiti. Mke wangu akashika miguu ya kiti, mimi nikavutia mbele, tukaachana na kiti, na kopo la vifungo likapiga kelele tumboni mwangu.

Hapo hapo akaingia mteja, mwalimu wa shule, amekuja kuchukua suruali yake. Akanitazama. Akaniuliza kwa upole kama nimeshamwona daktari. Nikasema ni baridi tu. Nje jua linapasua mawe. Akanishika mkono, akasema mjomba wake naye alianza hivyo hivyo, kuvimba juu kwanza. Akalipa bila kuomba apunguziwe, mara ya kwanza tangu nimjue. Koti limeshaanza kuleta faida.

Mchana Bwana Kanuni. Kwa bahati koti nilikuwa nimeshalificha chumbani. Huyu mtu ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona uzi kwenye nguo ya mwenzake akanyamaza. Lazima autoe. Mwenyewe husimulia kwa fahari jinsi alivyomtoa wakili uzi begani kesi ikiendelea. Leo alimchomoa dada yake uzi mmoja kwenye mkono wa blauzi, akauviringa, akautia mfukoni mwake kama kielelezo cha kesi. Akaniuliza begi la gauni liko wapi. Nikasema lipo, linapumzika. Akasema sawa, ila nijiandae, maana kaunta kuna kisanduku cha chuma cha kupimia mikoba, na kuna binti anayetabasamu, na tabasamu lake ndilo kitu pekee pale kisicholipiwa.

Alipoondoka, mke wangu akaleta kandambili zake zile nene, za kupumzishia miguu akishavua viatu vya harusi. Mkoba wake umejaa. Akasema kama umeamua kuwa kabati, basi kuwa kabati. Nikauliza mimi napata nini. Akasema, utanidai. Naandika hapa kwa sababu huyu mama akiahidi kitu, asubuhi yake haikumbuki. Kandambili. Kifuani kwangu. Anadaiwa.

Alhamisi, 13 Juni

Mjukuu amepiga simu. Mume wangu, gauni langu liko wapi? Nikasema liko karibu na moyo wangu. Hakujua kwamba hapo sikuwa nikitania.

Akacheka. Kisha akasema, babu. Aliponiita babu nikajua utani umekwisha. Akasema hana gauni jingine. Mama wa bwana harusi alimkodishia moja, la gharama, lina vito, yeye akalirudisha. Amewaambia wote kwamba babu yake hajawahi kumwangusha kwenye nguo.

Nimewaangusha watu wa mtaa mzima kwenye nguo. Kuna mtu nilimkabidhi suti ya harusi mkewe akiwa na mimba ya pili. Lakini yeye, kweli, sijawahi. Hata sare ya shule.

Nikamwambia Jumamosi utalivaa, hata kama nitakuja kwa miguu.

Baada ya simu nilipitisha vidole kwenye bandi yote, mshono kwa mshono. Nikawaza, nilipe tu? Gauni liende kwenye begi, lilale salama, na mimi nikae kama watu wengine? Wazo hilo lilinijia nikiwa nimesimama. Nilipoketi nikamwona akilini Bwana Kanuni ameshika maikrofoni, anasafisha koo. Wazo likaondoka.

Mkwe naye kapiga. Baba, kuna kitu kwenye tiketi yako nataka ukijue. Nikasema nakijua. Akasema ni kuhusu begi. Nikasema hasa hicho ndicho ninachokijua. Vijana hawa hawamwachii mzee hata kitu kimoja akijue peke yake.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika kwenye meza ya chakula ya binti yangu, nasubiri pasi ipate moto. Nimeambiwa nisiguse kitu kingine chochote mpaka hapo. Basi nasema yaliyotokea.

Uwanja wa ndege. Nimevaa koti. Jasho limeanzia shingoni limefika kwenye soksi. Kaunta nikamkuta huyo binti wa tabasamu. Mkoba wa mke wangu ukaingia kwenye kisanduku cha chuma. Wangu ukaingia. Akanitazama mimi, nikaona kabisa anatamani kunipima na mimi. Akauliza kama nina begi la kukabidhi. Nikasema hapana, kwa sauti ya mtu asiye na chochote duniani. Akasema lakini hapa kwenye tiketi naona, nikamkatiza. Hapana, binti yangu. Akatabasamu. Bwana Kanuni alilipia begi lake, akalipia kiti cha dirishani, akapewa risiti, akazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa.

Ukaguzi. Hili sikulipigia hesabu. Askari akasema vua koti. Nikasema nina baridi ya kudumu. Akasema vua koti, mzee wangu. Nikalivua. Likasimama lenyewe. Tukalisukuma watu wawili kwenye ile mashine yao, likaingia kama fahali asiyetaka kuogeshwa. Askari akaitazama picha muda mrefu, akageuza kichwa, akaitazama tena. Akauliza kandambili zinafanya nini kifuani. Nikasema ndiyo mtindo. Akanipokonya mkasi wangu, niliousahau mfukoni, mkasi wa kazi unaoujua mkono wangu kuliko mke wangu anavyoujua. Nikamwambia suruali yake imefumuka pindo. Hata asante.

Nikavaa tena. Tukaenda getini. Foleni. Mke wangu mbele, mimi katikati, Bwana Kanuni nyuma yangu. Mlangoni binti mwingine na kisanduku kingine cha chuma. Walikuwa wamebaki watu wachache tu. Ndege naiona kwenye kioo, nyeupe, inanisubiri. Nikaanza hata kupanga hotuba yangu kichwani. Mabibi na mabwana.

Nikasikia kwa nyuma: shemeji, una uzi hapa.

Nikasema usi...

Akavuta. Alivuta kwa upendo, hilo nakiri. Nikaisikia bandi ikikimbia, mgongoni, ubavuni, mfuko baada ya mfuko, mpaka shingoni. Bandi safi. Haikukwama hata mahali pamoja. Kandambili zikatangulia. Viatu vikafuata. Mashati. Kopo likapasuka na vifungo vikaenda kila mahali panapokwendeka. Halafu gauni. Hilo lilishuka taratibu, neti inajitanua tabaka kwa tabaka, likaijaza foleni kama maziwa yaliyofurika jikoni. Mimi nikabaki katikati, mwembamba, nimeshika kola.

 Kisha mama mmoja nyuma akasema, mzee amejifungua. Mwenzake akauliza, wa kike au wa kiume?

Bwana Kanuni amesimama na uzi mkononi, mrefu kama wa kurushia tiara, bado anauviringa. Hata yeye hakujua afanye nini kingine.

Binti wa geti akaja. Hakuwa mkali. Akasema mzee wangu, hilo sasa ni begi, na ada ya getini ni kubwa kuliko ya kaunta. Nikasema si begi, ni nguo. Akasema nguo ni ile iliyovaliwa. Ndivyo masharti yanavyosema, kilichovaliwa si begi.

Mke wangu akanitazama. Ukiishi na mtu nusu ya maisha yako, anajua upuuzi wako kabla hujaufikia. Akasema hapana. Akasema nakuomba. Akasema, baba, nakuomba sana, hapana.

Nikainua mikono juu. Nikasema nivishe.

Akanivisha. Mjukuu wangu kajaliwa mwili, mimi ni mifupa na ubishi, gauni likapita juu ya shati na suruali bila tabu. Akanifunga vifungo vya mgongoni mabega yake yakitetemeka. Anasema alikuwa analia. Mimi nilimsikia, alikuwa anacheka. Viatu na mashati tukavibanza kwenye mikoba kwa magoti. Kandambili akazivaa mwenyewe, hatimaye. Koti tupu nikalitupia begani. Foleni ikapasuka katikati kutupisha, na yule mama wa kujifungua akapiga kigelegele.

Sikulipa. Naandika tena ili lisomeke. Sikulipa.

Ndani nilipewa kiti cha katikati, maana cha katikati ndicho cha bure. Kulia kwangu Bwana Kanuni na dirisha lake. Kushoto mtu mwenye tai, ambaye mkia wangu ulimfunika magoti. Huyo alitazama mbele safari nzima kama anapigwa picha ya pasipoti. Mhudumu akaniomba nikusanye neti itoke njiani, akanipongeza. Kiu ikanishika. Maji ya kulipia. Nikameza mate. Bwana Kanuni akajinunulia juisi ya zabibu, nadhani makusudi, akawa anainywa kidogo kidogo karibu na sikio langu.

Ndege ikatikisika.

Zambarau. Kwanza gotini, kisha pajani, kisha mbele yote ya gauni la mjukuu wangu.

Hapo sikuwa na mzaha tena. Nilikaa na mikono hewani nikiisikia ile sauti ya Alhamisi ikiniita babu. Bwana Kanuni alitoa leso yake iliyopigwa pasi, akaanza kupangusa, anasema shemeji, shemeji, shemeji.  Maji ya kulowesha leso aliyanunua yeye, chupa baada ya chupa. Risiti hakuchukua.

Tulipotoka walikuwa wamesimama kutupokea, binti yangu, mkwe, na mjukuu mwenyewe. Akanitazama kuanzia kichwani, akafika kwenye doa, akaishia hapo. Nikasema mke wangu, nimekujaribia, kiuno kiko sawa. Hakucheka. Akaweka kiganja mdomoni. Wateja wamewahi kunitukana mbele ya majirani nikaendelea kula. Leo nilikusanya neti kwa mikono miwili nikajaribu kulificha lile doa.

Ndipo mkwe, kijana mwenye adabu zake, akauliza. Baba, na begi je? Nikasema begi gani. Akasema lile nililokulipia. Kubwa, la gauni, limo kwenye tiketi yako tangu siku ya kwanza. Nilijaribu kukwambia.

 Mke wangu alinitazama njia nzima, na sikuwa na pa kugeuzia uso kwa sababu neti ilikuwa imejaza gari.

Doa halitoki. Nimetumia sabuni, limau, na maneno. Mwisho nimefumua kipande cha mbele chote. Satini sina, maduka yamefungwa, harusi kesho. Nikakaa. Halafu jicho likaenda kwenye koti, limetupwa juu ya kiti, limegeuka ndani nje. Bitana. Satini nyeupe, ya jora lile lile. Nimeikata kwa mkasi wa jikoni unaonuka kitunguu. Cherehani hapa hakuna, nashona kwa mkono. Mjukuu amekaa sakafuni karibu na miguu yangu kama zamani, ananitungia uzi, sindano baada ya sindano. Bwana Kanuni ameshika kazi ya pasi bila kuombwa. Anapiga pasi vizuri sana. Inanipa shida kumchukia inavyotakiwa.

Mjukuu amesema neno moja tu mpaka sasa. Amesema, mume wangu, kwa mbele liache refu kidogo, nimenunua viatu vya juu.

Ameniita mume wangu. Pasi imepata moto. Naacha.

Jumamosi, 15 Juni

Limekaa. Limemkaa kama amezaliwa nalo. Kipande cha mbele hakuna aliyekigundua. Mama wa bwana harusi, yule wa gauni la vito, alikishika kwa vidole akauliza hii satini imetoka duka gani. Nikasema haipatikani ovyo. Ubavuni tu ndipo muda ulinishinda, nikaacha bandi ile ile. Nani ataangalia ubavuni?

Kuhusu hotuba. Bwana Kanuni aliwasilisha hoja: begi lililipiwa, kwa jina langu, kwa hiyo ada ililipwa, kwa hiyo nimeshindwa. Nikasema mkono uliolipa si wangu. Akasema sheria haitazami mkono. Tukabishana mpaka mpishi akatoka jikoni kusikiliza. Mjukuu akachoka, akampa maikrofoni bibi yake.

Mke wangu, ambaye miaka yote anasema hawezi kuongea mbele ya watu, aliongea. Aliongea yote. Koti, kandambili, kujifungua, zabibu. Ukumbi uliinamia meza. Kuna mzee alitolewa nje kupata hewa. Bwana harusi akaja kunipa mkono, akasema anafurahi kukutana na bibi harusi aliyemtangulia. Kijana ana adabu mbovu. Nimempenda.

Halafu muziki. Maharusi wakaingia katikati kucheza. Mjukuu anazunguka, neti inapepea, mimi nimevimba kifua kuliko siku ya koti. Na nikaona. Ubavuni, chini ya kwapa, ncha ya uzi mweupe inacheza naye.

Nikageuza macho. Bwana Kanuni ameiona. Ameshaweka glasi mezani. Ameshaingia katikati ya ukumbi, anatembea kama mtu aliyeitwa, vidole viwili mbele.

Sijakimbia hivyo tangu nikiwa na magoti yangu ya kwanza. Nilimpiga kofi la mkono mbele ya wageni wote. Muziki ukakatika. Akanitazama. Akautazama uzi. Akamtazama bibi harusi na nguo yake yote. Akaelewa. Akaingiza mikono mifukoni na hakuitoa tena mpaka sherehe ikaisha. Keki alilishwa na dada yake.

Jumatatu, 17 Juni

Kesho tunarudi. Mkwe amenikalisha chini, mbele ya mashahidi, akanieleza polepole. Begi la kurudi limelipiwa. Moja. Kubwa. Nikasema nimesikia. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

Sasa binti yangu amempa mama yake sufuria. Si sufuria ya mchezo, ni ile ya kupikia shughuli, na mke wangu anaipapasa kama mtoto mchanga. Kwenye begi haiingii pamoja na nguo. Mkwe akasema si kitu, Baba, nalipia begi la pili. Nikamwambia asithubutu.

Kwa sababu nimetafakari. Jana kutwa nimejihoji kwa unyenyekevu, mzee mtu mzima, nikijiuliza nilikosea wapi. Na nimepata. Koti halikuwa na kosa. Bandi haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba ncha ya uzi niliiacha nyuma, nisikoweza kuilinda.

Sufuria ukiibeba ni begi. Ukiivaa ni kofia. Nitaivika kitambaa cha lile koti lililobaki, ukingo mpana, na utepe. Mfuniko utakaa mgongoni, ndani ya shati, utanisaidia kukaa wima. Yote kwa bandi, uzi mmoja, maana tukifika mwenyewe atataka kupika. Ila safari hii ncha itakaa mbele, hapa juu ya paji la uso, ninapoiona. Na Bwana Kanuni nitamtanguliza kwenye foleni. Akigeuka, tutazamane ana kwa ana.

Amepita sasa hivi akauliza nashona nini. Nikamwambia kofia. Akacheka cha puani. Tumewekeana tena.

Nawe mke wangu, najua unasoma daftari hili, maana kila siku kalamu naikuta upande usio wake. Usianze kusema. Kandambili zako nilizibeba kifuani mpaka getini, na ulisema mwenyewe nitakudai, rudi Jumanne utaona nimeandika. Basi nadai. Sindano iko juu ya sufuria. Nitungie uzi. Ule mweupe, wa bandi.